Je, PHP ndiyo inayouchelewesha mfumo wangu wa stoo?

"Mtaalamu, nimejifunza mwenyewe kuandika programu, na nimetengeneza mfumo wa stoo kwa duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro. Umeandikwa kwa PHP 7.4 bila fremu yoyote, unatumia MySQL, na umekaa kwenye seva ya kupanga iliyoko Ujerumani yenye RAM ya gigabaiti 2. Ukurasa wa orodha unaonyesha bidhaa kama 300 na kiasi kilichobaki cha kila moja. Mwanzoni ulifunguka haraka. Sasa, baada ya miaka miwili, unachukua sekunde 5 hadi 6, na asubuhi wauzaji wanapoingia kwa pamoja mfumo mzima unaganda. Jedwali la miamala limefikisha rekodi 90,000. Rafiki yangu mmoja ananiambia nihamie PHP 8 na kuwasha JIT, eti kasi itapanda mara tatu. Mwingine anasema PHP ni lugha ya kizamani, niandike upya kila kitu kwa Go. Mwenye duka amenipa mwezi mmoja. Nifuate ushauri wa nani?"

Ndugu msomaji, kabla ya kuamua kati ya marafiki zako wawili, rudi kwenye sentensi moja uliyoigusia tu: mwanzoni ukurasa ulifunguka haraka. PHP uliyokuwa nayo siku ile ndiyo uliyo nayo leo, na seva ni ileile. Lugha ya programu haichakai kama tairi. Kilichokua katika miaka hii miwili ni jedwali la miamala, nawe mwenyewe umelitaja. Jibu langu kwa ufupi, basi, ni kwamba si JIT (kutafsiri msimbo papo hapo kuwa lugha ya prosesa, nitakueleza mbele) wala Go itakayokuondolea sekunde hizo tano. Sababu yake utaielewa vizuri ukifahamu jinsi PHP yenyewe ilivyoharakishwa, kwa kuwa waliofanya kazi hiyo waliwahi kushika njia hiyohiyo unayoonyeshwa na rafiki yako wa kwanza, wakakwama.

Tuanze na jinsi PHP inavyofanya kazi. Faili likiombwa, maandishi yake husomwa, yakapangwa kuwa mti wa sarufi, kisha yakageuzwa kuwa opkodi, yaani maagizo mafupimafupi ya aina ya "jumlisha hivi viwili" au "rukia mstari fulani". Prosesa haizielewi opkodi hizo moja kwa moja. Ipo mashine ya kufikirika, Zend Engine, inayozisoma moja baada ya nyingine na kuzitenda. Ombi likiisha kila kitu hufutwa, na ombi linalofuata huanza na meza tupu. Desturi hiyo ndiyo iliyoifanya PHP iwe rahisi kuishi nayo, maana kosa la ombi moja halimwagikii ombi jingine, lakini inakula muda: kila mara kusoma, kila mara kupanga, kila mara kugeuza.

Hatua ya kwanza ya kuiharakisha ilikuwa kutoirudia kazi hiyo. Opkodi zikishatengenezwa zinatunzwa katika kumbukumbu ya pamoja, na maombi yanayofuata yanazikuta tayari. Kwa miaka mingi watu walitumia kiongezo kiitwacho APC. Mwaka 2013 kampuni ya Zend ikauweka wazi msimbo wa kiharakishi chake, nacho kikaingizwa ndani ya PHP 5.5 mwezi Juni mwaka huo kwa jina la OPcache. Hili lakuhusu leo hii. Fungua `phpinfo()` kwenye seva yako utafute sehemu ya OPcache, kwa sababu baadhi ya usambazaji wa Linux huiweka kwenye paketi ya pembeni, na nimeona seva zilizokaa miaka bila mtu kuisakinisha. Kama haipo, isakinishe. Ni kazi ya dakika chache, na hakuna sababu ya maana ya kuikosa.

Facebook, kwa upande wake, ilikuwa na tatizo la ukubwa mwingine kabisa. Ilikuwa imejengwa kwa PHP, na seva zilikuwa zinaongezeka kila siku. Mwezi Februari 2010 ilitangaza HipHop, programu iliyogeuza PHP kuwa C++ na kuitengeneza kuwa faili moja la kutekelezwa na mashine. Wahandisi wake walisema matumizi ya prosesa kwenye seva za wavuti yalipungua kwa wastani wa karibu asilimia 50. Hata hivyo, faili hilo lilivuka gigabaiti 1, na kila badiliko dogo lilidai kutengenezwa upya kwa tovuti nzima, jambo ambalo si mwanzo mzuri wa asubuhi ya mwandishi yeyote wa programu. Ndipo wakajenga HHVM, waliyoitangaza mwishoni mwa 2011, mashine iliyotafsiri msimbo kuwa lugha ya prosesa papo hapo wakati programu ikiendelea kukimbia. Utafsiri huo wa papo hapo ndio unaoitwa JIT. Wikimedia, shirika linaloendesha Wikipedia, waliihamia HHVM mwishoni mwa 2014, na kuhifadhi mabadiliko ya makala, zikiwemo za Wikipedia ya Kiswahili, kukawa kwa haraka takriban mara mbili. Mwaka 2019 waliiacha wakarudi PHP ya kawaida. Kwa nini walirudi? Sababu moja ni kwamba Facebook ilikuwa imechagua kuiendeleza lugha yake yenyewe, Hack, na kuacha kuifuata PHP. Nyingine ni kwamba kufikia wakati huo PHP ya kawaida ilikuwa imeamka.

Jinsi ilivyoamka ndiyo sehemu ninayotaka uisome polepole. Dmitry Stogov na wenzake wa Zend nao walijaribu kwanza kuipa PHP 5 JIT. Majaribio madogo ya mahesabu yaliruka mara kadhaa, lakini walipoipima WordPress, programu halisi ya kuendeshea tovuti inayotumiwa na watu halisi, haikusogea kwa kiasi cha kujivunia. Wakakaa chini wakapima muda unakoenda. Wakakuta kwamba karibu asilimia 20 ya muda wa prosesa ulikuwa ukiishia kwenye kugawa na kurudisha kumbukumbu, asilimia 10 kwenye majedwali ya ndani yanayobeba safu za PHP, asilimia 30 kwenye kazi za ndani za lugha zilizokwisha kuandikwa kwa C, na asilimia 30 tu kwenye mashine ya kutenda opkodi, ambayo ndiyo hasa JIT ingeiharakisha. Walikuwa wakinoa kisu cha kukatia nyama ilhali foleni ilikuwa kwenye mizani.

Wakaiweka JIT pembeni na kuushughulikia mpangilio wa kumbukumbu. Katika PHP 5, thamani moja ndogo kama namba 7 ilibebwa na muundo wa baiti 24 ambao, ukijumlisha hesabu za mkusanya takataka (anayeachilia kumbukumbu isiyotumika tena) na za mgawaji wa kumbukumbu, ulifikia baiti 48 kwenye mashine za biti 64, nao ulikaa mahali pake peke yake, ukifikiwa kwa kuelekezwa. Wao waliupunguza ukawa baiti 16, na thamani nyingi zikawekwa moja kwa moja ndani ya safu badala ya kuelekezwa kwingine. Kila kipengele cha safu kilikuwa kikichukua kifungu cha baiti 72, kikawa 32. Data zilipobanana, prosesa ilizipata zaidi kwenye kashe, ile kumbukumbu yake ndogo ya ndani, na kupunguza safari za kwenda RAM, ambazo kwake ni safari ndefu. Kazi hiyo, iliyofanywa na Stogov, Xinchen Hui na Nikita Popov, ilionyeshwa hadharani mwaka 2014 na ikatoka kama PHP 7.0 tarehe 3 Desemba 2015. Programu nyingi za wavuti zilikimbia karibu maradufu bila mtu kubadili mstari, na pasipo JIT yoyote. PHP 6 usiitafute: ilikuwa mradi wa kuingiza Unicode, mfumo wa herufi za lugha zote, ndani ya PHP, ukaachwa njiani.

JIT ilirudi katika PHP 8.0, iliyotoka tarehe 26 Novemba 2020, na hapa tunakutana na "mara tatu" ya rafiki yako. Hakuibuni. Waliotoa toleo hilo walisema wenyewe kwamba JIT inayofuatilia njia za msimbo ilionyesha kasi ya takriban mara 3 kwenye majaribio ya kutengenezwa, na mara 1.5 hadi 2 kwenye baadhi ya programu maalumu zinazokimbia kwa muda mrefu. Sentensi iliyofuata, ambayo huwa haisafiri na ile ya kwanza, ilisema kwamba programu za kawaida zinabaki sawasawa na PHP 7.4. Katika pendekezo lenyewe la kuiingiza JIT, kuchora umbo la Mandelbrot, ambako ni hesabu tupu, kuliharakika zaidi ya mara nne. WordPress ilitoka maombi 315 kwa sekunde ikafika 326. Zaidi ya hayo, katika 8.0 JIT haifanyi kazi mpaka uipe nafasi ya kumbukumbu kwa `opcache.jit_buffer_size`, kwani thamani ya awali ni sifuri. Wapo watu walioihamia 8.0 wakamsifu JIT aliyekuwa amelala.

Sasa tuulete mfumo wako mezani. Sijauona msimbo wako, lakini maelezo yako yananionyesha umbo ninalokutana nalo mara nyingi: programu inachukua bidhaa 300 kwa swali moja, kisha ndani ya kitanzi cha `foreach` inaiuliza hifadhidata, kwa kila bidhaa, jumla ya kilichoingia na kutoka. Hayo ni maswali 301 kwa ukurasa mmoja. Kama safuwima ya `bidhaa_id` kwenye jedwali la miamala haina faharasa (index), yaani orodha iliyopangwa ya kuonyesha rekodi zilipo, kila swali linailazimisha MySQL kupitia rekodi zote 90,000 ili kupata zile mia chache za saruji au za misumari. Tuseme kila upitiaji unachukua milisekunde 18. Zidisha kwa 300, unapata sekunde 5.4. Jedwali lilipokuwa na rekodi 5,000, kitanzi hichohicho kingechukua kama theluthi moja ya sekunde, na wala usingekiona.

Katika muda huo PHP inafanya nini? Inasubiri. Tuseme kazi yake yenyewe, ya kuzungusha kitanzi na kuandika HTML, ni sekunde 0.3; ukiiharakisha mara tatu utaokoa sekunde 0.2, na ukurasa utashuka kutoka 5.7 hadi 5.5. Muuzaji aliyesimama mbele ya mteja hataona tofauti. Go nayo ingesubiri vilevile, kwa sababu ungeyahamisha maswali 301 pamoja na mengine yote.

Lakini usiuamini ubashiri wangu tu; pima. Weka `microtime(true)` mwanzoni mwa ukurasa, nyingine kabla na baada ya kitanzi, nyingine mwishoni, na uandike tofauti kwenye faili la kumbukumbu (log) la seva. Hesabu pia maswali yanayokwenda kwenye hifadhidata kwa ombi moja. Nakuonya kuhusu faili la MySQL la kuandika maswali ya polepole (slow query log): mpaka wake wa awali ni sekunde 10, na hata ukiushusha hadi sekunde 1 hautanasa chochote hapa, kwa kuwa hakuna swali hata moja lililo polepole. Kila moja ni milisekunde chache, na ubaya wake uko kwenye wingi. Watu wengi hulifungua faili hilo, hulikuta tupu, huhitimisha kwamba hifadhidata ni nzima, kisha hugeuka kuilaumu lugha.

Ukithibitisha kwamba hali ndiyo hiyo, tiba ina hatua mbili. Kwanza faharasa:

`CREATE INDEX idx_bidhaa ON miamala (bidhaa_id, idadi);`

Nimeijumuisha `idadi` ili MySQL ipate jumla kutoka kwenye faharasa yenyewe bila kurudi kwenye jedwali. Pili, ondoa kitanzi cha maswali na uulize mara moja kwa bidhaa zote:

`SELECT bidhaa_id, SUM(idadi) FROM miamala GROUP BY bidhaa_id;`

Hapa nachukulia kwamba kinachotoka umekiandika kwa namba hasi. Matokeo yaweke kwenye safu ya PHP ambayo ufunguo wake ni namba ya bidhaa, kisha kitanzi chako kisome humo. Maswali 301 yanakuwa 2. Tanguliza `EXPLAIN`, agizo la kuonyesha jinsi MySQL itakavyolitekeleza swali, mbele ya swali lako kabla na baada, ili uone kwa macho kama faharasa inatumika. Jedwali likizidi kukua hadi rekodi milioni kadhaa, utafikiria kuweka salio la kila bidhaa kwenye safuwima yake na kulisahihisha pamoja na mauzo ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata (transaction), lakini kwa rekodi 90,000 hilo ni kujitafutia makosa ya hesabu mapema.

Kuganda kwa asubuhi nako kunatokana na shina hilohilo. Kama unatumia PHP-FPM, kiendeshaji cha michakato ya PHP kwenye seva, faili la awali la mipangilio huruhusu michakato 5 tu kwa wakati mmoja, kwa kigezo cha `pm.max_children`. Wauzaji watano wakifungua orodha, michakato yote mitano inashikwa kwa sekunde tano tano, na wa sita anayetaka kuingia tu kwenye mfumo anasimama nje. Seva yako inahudumia ombi moja kwa sekunde. Utashawishika kupandisha kigezo hicho hadi 50. Usifanye hivyo kwanza. Kila mchakato unakula kumbukumbu yake, MySQL iko kwenye gigabaiti 2 hizohizo, na watu 50 wakipitia rekodi 90,000 kwa pamoja watapigana vikumbo kwenye prosesa moja. Ukurasa ukishuka hadi sehemu ya kumi ya sekunde, michakato 5 ileile itahudumia maombi 50 kwa sekunde, na duka lako halina wauzaji wa kufika huko.

Je, PHP 8 basi uiache? Hapana, ihamie, ila kwa sababu nyingine. PHP 7.4 iliacha kupokea marekebisho ya usalama mwezi Novemba 2022, nawe umebeba hesabu za duka la mtu. Kasi ndogo ndogo utaipata pia, kwa mfano katika 8.1 matokeo ya urithi wa madaraja (classes) yanatunzwa kwenye OPcache badala ya kuunganishwa upya kila ombi. Lakini usifanye uhamaji huo na tiba ya hifadhidata katika wiki moja, kwa sababu mambo yakiharibika hutajua kipi kimeharibu. Tena 8.0 ilibadilisha ulinganishaji ambao mfumo wa stoo unaweza kuutegemea kimyakimya: katika 7.4, `0 == "hakuna"` ilikuwa kweli; katika 8.0 ni uongo. Kama mahali fulani unalinganisha kiasi na neno kwa alama mbili za usawa, bidhaa iliyokwisha inaweza kuonekana kana kwamba ipo. Pitia milinganisho yako yote kabla ya kuhama.

Kwa rafiki yako wa Go niseme haki yake. Go ni lugha nzuri, na kwa huduma inayoshikilia miunganisho maelfu kwa wakati mmoja, au inayofanya hesabu nzito mfululizo, ningekushauri uifikirie. Hata ndani ya PHP kuna njia za kuifanya programu ibaki hai kati ya maombi, kama Swoole na FrankenPHP, ingawa huko unapoteza ile meza tupu niliyoisifu mwanzoni na kuanza kuwinda data za mtu mmoja zilizobaki kwenye ombi la mwingine. Orodha ya stoo haihitaji lolote kati ya hayo. Na kuandika upya kwa mwezi mmoja mfumo uliokua kwa miaka miwili, peke yako, kwa lugha unayojifunza, huku duka likiuza kila siku, ni ahadi ambayo nisingependa uitoe.

Umbali wa Ujerumani upo, ila si huo unaokuumiza. Safari ya kwenda na kurudi kutoka kwetu hadi Ulaya kwa nyaya za baharini ni zaidi ya milisekunde 100, na kufungua muunganisho salama kunadai safari kadhaa, kwa hiyo nusu sekunde hivi ya kwanza utaendelea kuilipa hata baada ya tiba. Kwa kuwa hifadhidata iko kwenye seva ileile na PHP, yale maswali 301 hayavuki bahari. Siku ukiihamishia hifadhidata kwenye mashine nyingine ya mbali, mambo yatageuka vibaya sana, kwa hiyo usiihamishe.

Yapo mambo ambayo maandishi hayayatoshi. Kama hujawahi kuchukua nakala ya akiba ya hifadhidata hiyo na kuirejesha kwenye kompyuta nyingine ukaona mauzo ya jana yamo, tafuta mtu mwenye uzoefu wa seva aketi nawe kabla hujagusa lolote, hata ile faharasa. Fanya hivyo pia kama jumla mpya za bidhaa hazilingani na za zamani, maana hapo suala si kasi tena bali ni mali ya mtu, na mwenye duka anapaswa kuambiwa mapema. Na kama baada ya hatua zote mbili ukurasa bado unapita sekunde moja, niandikie tena ukiniletea vitu vitatu: zile tofauti za `microtime`, idadi ya maswali kwa ombi, na matokeo ya `EXPLAIN` kama yalivyotoka bila kufupishwa.